Nani Ana Ruhusa ya Kumcheka Nani

Mwezi Mei 2006 watazamaji wa televisheni nchini Marekani walianza kuwaona wanaume wawili wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Mmoja ni kijana mwembamba wa jinzi na fulana, mikono mfukoni. Wa pili ni mnene kidogo, suti yake ya kahawia haimkai vizuri, amevaa tai na miwani. Kijana anajitambulisha kuwa yeye ni Mac. Mwenzake naye anasema yeye ni PC. Wanazungumza kwa nusu dakika hivi, na tangazo linakwisha.

Kampeni hiyo iliitwa "Get a Mac". Mwenye mali alikuwa Apple, mtengenezaji wa kompyuta za Mac, wakala aliyeitunga ni TBWA\Media Arts Lab, na mwongozaji wake ni Phil Morrison. Mac aliigizwa na Justin Long. PC aliigizwa na John Hodgman, mwandishi na mchekeshaji ambaye Wamarekani walikuwa wameanza kumzoea kwenye kipindi cha The Daily Show. Hadi mwaka 2009 yalikuwa yameonyeshwa matangazo 66. Mwaka 2007 kampeni ilipata Grand Effie, tuzo inayotolewa kwa kazi ambayo imethibitika kuleta tija sokoni, mbali na kupendeza machoni.

Nimeichagua kuwa mfano wa sura hii kwa sababu Apple iliipeleka nje ya Marekani kwa njia tatu tofauti, kwa bidhaa ileile na karibu wakati uleule. Kwa baadhi ya nchi za Ulaya iliingiza sauti za lugha nyingine juu ya picha za Marekani. Kwa Uingereza ilibadilisha waigizaji. Kwa Japani ilibadilisha uhusiano wenyewe wa wale watu wawili. Anayejifunza kazi ya matangazo ni nadra kupata ulinganisho ulio wazi namna hii.

Tuanze na jinsi kichekesho chenyewe kilivyofanya kazi nyumbani. Katika tangazo mojawapo la mwanzo PC anapiga chafya mfululizo. Mac anampa karatasi ya kufutia pua. PC anamwambia asogee mbali, maana mwaka uliopita virusi vya PC vilivyojulikana vilifika 114,000. Mac anajibu kwa upole kwamba hivyo ni vya PC, si vya Mac. PC anaduwaa, kisha anaanguka chali kama gogo. Katika tangazo jingine PC anaganda katikati ya sentensi, anakaa kimya, halafu anaanza upya kujitambulisha kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu yeyote ambaye kompyuta yake iliwahi kuganda kabla hajahifadhi kazi alielewa papo hapo. Tabu ya mashine imepewa mwili wa binadamu, na mwili huo unatia huruma.

Lakini chini ya kichekesho hicho kuna jambo ambalo Mmarekani halioni kwa sababu amelizoea: muuzaji anasimama hadharani na kusema mwenzake ni dhaifu. Nchini Marekani hilo ni jambo la kawaida. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitoa tamko rasmi la kuunga mkono matangazo yanayolinganisha bidhaa na za washindani, mradi yasiseme uongo, kwa hoja kwamba yanamsaidia mnunuzi kuamua. Ujerumani, kwa upande wake, iliyabana kwa miongo mingi, mpaka agizo la Umoja wa Ulaya la 1997 lilipozitaka nchi wanachama kuyaruhusu kwa masharti; moja ya masharti hayo ni kwamba mshindani asidhalilishwe. Japani iliweka mwongozo wa kuyaruhusu mwaka 1987, lakini sheria ikifungua mlango haina maana watu wataingia. Mwaka 1991 Pepsi ilirusha huko tangazo la mwanamuziki MC Hammer lililoigusa Coca-Cola waziwazi. Coca-Cola ikalalamika, na vituo vya televisheni vikaliondoa hewani.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, maana sisi tuna mila nzima inayolishughulikia, nayo ni utani. Mhehe na Mngoni walipigana vita katika karne ya 19. Leo ni watani, na Mngoni anaweza kumsema Mhehe msibani, mbele ya jeneza, maneno ambayo akiyasema mtu baki yataleta ugomvi. Simba na Yanga ni watani wa jadi, na shabiki wa Yanga anamcheka wa Simba asubuhi yote kisha wanakunywa chai pamoja. Utani ni kibali. Unasema nani anaweza kumcheka nani, kwa kiasi gani, na kwamba kesho ni zamu ya mwingine. Palipo na kibali, kejeli kali haiumizi. Pasipo na kibali, hata tone dogo ni tusi. Tangazo la kuchekesha linalomlenga mshindani linategemea kibali cha namna hiyo, na kibali hakivuki mpaka pamoja na mkanda.

Waliotengeneza matoleo ya Japani mwishoni mwa 2006 walilielewa hilo. Waliwachukua Rahmens, wachekeshaji wawili waliokutana chuoni, Tama Art University, na kuanza kazi pamoja mwaka 1996. Kentaro Kobayashi akawa Mac, Jin Katagiri akawa PC. Ukuta mweupe ukabaki, muziki ukabaki. Vingine vikaguswa kwa mkono mwepesi, na hapo ndipo penye somo.

Nguo ndizo za kwanza. PC wa Marekani amevikwa ili aonekane amepitwa na wakati. PC wa Japani amevaa suti ya kawaida ya ofisini, ileile anayovaa mamilioni ya wafanyakazi kwenye treni ya asubuhi. Huwezi kuidharau suti hiyo mbele ya Mjapani bila kumdharau yeye, baba yake na bosi wake. Mac naye amevaa nguo za mwisho wa wiki, safi, za mtu aliyepumzika. Kwa hiyo tofauti iliyobaki haikuwa ya mtu bora na mtu hafifu. Ilikuwa ya kazini na nyumbani. Katika tangazo la kwanza Mac anafikia hata kumpa mwenzake jina la utani linalotokana na kazi, waaku, kama rafiki anavyompachika rafiki jina shuleni. Kwa jina hilo kibali kimetolewa. Kuanzia hapo wanaweza kutaniana.

Kisha kuna mwili. Katagiri ni mchekeshaji wa viungo na uso, na kicheko kikapatikana kwake: anamshika Mac begani na Mac anaona haya, virusi vinapokuja anajificha nyuma ya miguu ya mwenzake. Itazame picha hiyo kwa makini. Katika toleo la Marekani PC anaugua peke yake na Mac anabaki mzima pembeni. Huku mwenye hofu amekimbilia kwa mwenye nguvu, na mwenye nguvu hakumsukuma. Ubora wa Mac umesemwa wote, hakuna kilichopunguzwa, ila umesemwa na mwili wa yule anayeomba hifadhi badala ya mdomo wa anayejisifu. Kwangu mimi hii ndiyo kazi bora kabisa katika kampeni nzima, hata kuliko ile ya Marekani iliyopewa tuzo.

Yapo matangazo ya Marekani ambayo yasingeweza kuhamishwa kwa ufundi wowote. Katika mojawapo Mac ameshikana mkono na msichana wa Kijapani ambaye ni kamera mpya ya dijitali. Wanazungumza Kijapani kwa furaha, na PC anabaki ametoa macho. Raha yote ya Mmarekani ni kusikia lugha asiyoielewa na kugundua kwamba Mac anaielewa. Ukilipeleka Tokyo, msichana yule anakuwa jirani tu, na PC anakuwa mgeni asiyejua lugha ya mji. Kichekesho kimekufa, na kimegeuka kuwa kitu kingine ambacho hakuna aliyekusudia.

Uingereza ilionekana rahisi. Lugha ni moja, mzaha wa kumcheka mtu hadharani ni chakula cha kila siku, na vichekesho vya watu wawili vina historia ndefu. Januari 2007 zikatoka sura mpya: Robert Webb akiwa Mac na David Mitchell akiwa PC. Baadhi ya maongezi yaliandikwa upya ili yasikike ya Kiingereza cha kwao. Wote wawili walipendwa. Mtu aliyekaa kwenye meza ya mkutano angesema kazi imekwisha.

Tatizo ni kwamba Waingereza waliwajua watu hao kutoka mahali pengine. Tangu 2003 Mitchell na Webb walikuwa wakiigiza katika Peep Show, tamthilia ya kuchekesha ya Channel 4. Humo Mitchell ni Mark, mfanyakazi wa ofisi mwenye aibu na wasiwasi, anayejitahidi kuishi kwa adabu na kushindwa kila wiki. Webb ni Jeremy, anayekaa kwenye nyumba ya Mark huko Croydon, hana kazi ya maana, anajiona mwanamuziki mkubwa, na hamfikirii mtu ila nafsi yake. Watazamaji walikuwa wamecheka na kumwonea huruma Mark kwa miaka mitatu. Sasa wanaambiwa wamwache Mark, wanunue anachouza Jeremy.

Charlie Brooker, mwandishi wa safu katika gazeti la The Guardian, aliliandika hilo bila kuficha mnamo Februari 2007: kwa uteuzi huo, alisema kwa ufupi, PC inaonekana mbovu kidogo lakini ya kupendeka, na Mac inaonekana ya mtu wa majivuno. Brooker hakuwa shabiki wa Mac tangu mwanzo, na msomaji alizingatie hilo. Hata hivyo hoja yake inasimama bila yeye. Mchekeshaji maarufu haji mtupu. Anakuja na kila alichowahi kuigiza, na mtazamaji ndiye anayebeba kumbukumbu hiyo, mwandishi wa tangazo hana uwezo wa kuifuta. Justin Long alikuwa anajulikana Marekani, lakini hakuwa na historia ya pamoja na Hodgman ambayo ingeingilia kati. Mitchell na Webb walikuwa nayo, nayo ilisema kinyume cha tangazo.

Njia ya tatu, ya kuingiza sauti, ilitumika kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Ni ya bei nafuu na ndiyo yenye mengi ya kupotea, maana uso wa Hodgman unaendelea kuchekesha kwa Kiingereza huku sauti ikisema kitu kingine. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam wakitazama filamu zilizotafsiriwa na Lufufu wanajua kwamba kuingiza sauti kunaweza kuwa sanaa, lakini Lufufu alikuwa huru: anaongeza masimulizi yake, anapachika mzaha wa mtaani. Tangazo la kampuni halimpi mtafsiri uhuru huo hata kwa sekunde moja.

Hata Marekani kwenyewe kibali kilianza kuchakaa. Hodgman aliigiza vizuri mno, kiasi kwamba watu wengi wakampenda yeye kuliko kijana wa jinzi. Microsoft, mshindani aliyekuwa akichekwa, ililiona hilo. Septemba 2008, ndani ya kampeni iliyotajwa kugharimu dola milioni 300, ilitoa tangazo linaloanza na mfanyakazi wake aliyevaa kama Hodgman, kisha wakafuata watu wa kazi na nchi mbalimbali, kila mmoja akijitaja kwa fahari kuwa PC. Mtu uliyemchora ili achekwe alikuwa amechukuliwa na mshindani na kufanywa bendera.

Je, Mac ziliuzwa? Katika robo ya mwaka iliyoishia Septemba 2006 Apple iliuza Mac milioni 1.61, ongezeko la asilimia 30 kwa mwaka. Nisingethubutu kuyapa matangazo sifa yote, kwa kuwa Januari mwaka huohuo Mac zilikuwa zimeanza kuhamia kwenye chipu za Intel, na MacBook ilitoka mwezi uleule kampeni ilipoanza. Tangazo zuri lililikuta duka lina mali nzuri.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Kampuni zinazouza Afrika Mashariki nzima huvutiwa na wazo la kutengeneza tangazo moja Nairobi na kulirusha Dar es Salaam na Kampala, kwa kudhani kwamba Kiswahili kikishasikika kazi imekwisha. Mzaha unaotegemea Sheng unafika Mwanza umekwisha ladha, lakini hilo ni dogo. Ubaya mkubwa uko kwenye uteuzi wa watu. Chukua mfano wa mchekeshaji marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Ungemweka upande wa bidhaa inayoshindwa, Tanzania nzima ingehamia upande huo kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayeingia kwenye kazi hii: kabla ya kumpa mtafsiri hati, chukua tangazo, zima sauti, uwaonyeshe watu wa mji unakolipeleka, wa rika na kipato cha wanunuzi wako. Waulize swali moja, yupi kati ya hawa wangependa kukaa naye kwenye basi kutoka mjini hadi kijijini kwao. Wakimtaja mshindani wako, badilisha waigizaji au badilisha uhusiano wao, hata kama maneno yote yamekwisha kulipiwa.