Mfereji Unaotona: Mbona Tunautengeneza Kila Mwezi?

Tukitembelea nyumba za kupanga tunakuta jambo moja karibu kila ploti: mfereji wa uani umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baisikeli, na chini yake kuna sufuria ya kukinga matone. Mama mmoja alitueleza kuwa fundi amebadilisha raba mara tatu tangu Pasaka na bado maji yanatona. Wapangaji ni sita, mita ni moja. Bili ikija, kila mtu anamtazama mwenzake.

Tone moja kila sekunde si mchezo. Ukikinga mchana na usiku utapata karibu lita 20, yaani ule mtungi tunaobeba mgongoni, kila siku.

Shida iko wapi? Ndani ya mfereji, raba hukalia kiti kidogo cha chuma. Ukifunga, raba inakandamizwa hapo na maji yanazibwa. Kiti kikiwa na mikwaruzo, raba mpya inakatwakatwa baada ya majuma machache. Kubadilisha raba peke yake ni kama kumvalisha mtoto soksi mpya ndani ya kiatu chenye msumari.

Mikwaruzo huletwa na mchanga na kutu, hasa kwenye mgao, maji yanaporudi na uchafu uliolala kwenye mabomba. Basi yakirudi, fungua polepole, kinga kwa ndoo, na usifunge mpaka yawe safi. Hayo machafu yataosha choo. Mikono yetu pia ina makosa: mfereji ukitona tunaukaza kwa nguvu zote, ati utakoma, na kiti kinazidi kuumia.

Fundi akija, afunge koki ya karibu na mita, afungue kichwa cha mfereji, halafu apitishe kidole juu ya kiti kabla ya kuweka raba. Kikiwa na mikwaruzo, kisuguliwe kwa kifaa chake mpaka kiwe laini. Wako mafundi wasio na kifaa hicho, nao hawatakuambia. Kiti kikiwa kimeliwa sana, heri kununua mfereji mwingine kuliko kumlipa fundi mara ya nne.

Na bili ikikataa kushuka? Usiku fungeni mifereji yote, mwandike namba za mita. Asubuhi, kabla mtu hajachota, someni tena. Wale wapangaji sita walisoma pamoja, namba zikawa zimesonga. Wakatia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, na bila mtu kuvuta maji, rangi ikatokea bakulini.