Mbwa Mwoga Ndiye Aumaye

Wahenga walinena kuwa aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo alivyo mbwa koko anayeokotwa hapa Kayole. Amepigwa mawe Soweto, amefukuzwa buchari kule Masimba. Sasa akimwona mtoto ameinama kufunga kamba za viatu, yeye anaona jiwe. Huuma kwa woga, si kwa ubaya. Ukimchapa, unazidisha ule woga.

Basi tufanyeje? Kwanza, chunguza kinachomshtua: honi ya matatu, ufagio au mtu mwenye kofia. Pili, mweke mbali, mahali anapokiona bila kubweka. Kila kinapotokea, mrushie kipande cha matumbo, kikiondoka, acha. Mrusi Ivan Pavlov alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kuja na chakula. Vivyo hivyo, honi itageuka kuwa habari njema. Tatu, sogea karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Akikataa kula, umeharakisha, rudi nyuma.

Asipigwe kwa kunguruma, maana hilo ni onyo. Akinyimwa onyo, atauma kimya kimya.

Zaidi ya yote, achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno.

Jamani, tuweke mawe chini!