SEWA HAJI, TAJIRI WA BAGAMOYO

Ndugu msomaji, ukimpeleka mgonjwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, unaweza kuelekezwa jengo la Sewahaji. Je, unajua Sewa Haji alikuwa nani? Hakuwa daktari. Alikuwa mwenye duka.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851. Jamaa zake walitoka Kutch, nchini India. Walifungua duka Unguja, kisha tawi Bagamoyo. Sewa Haji aliingia katika biashara hiyo ya ukoo akiwa bado kijana.

Siku hizo hapakuwa na reli wala lori. Nguo, shanga na waya zilitoka pwani kwenda bara. Pembe za ndovu zilitoka bara kwenda pwani. Karibu mizigo yote ilibebwa na watu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, akatembea miezi kutoka Bagamoyo mpaka Tabora.

Sewa Haji aliuza bidhaa za safari. Pia aliwatafutia wasafiri wapagazi. Mwaka 1871 Stanley, Mzungu aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alifika kwake. Sewa Haji alikuwa na miaka kama 20 tu. Baadaye Stanley alimlalamikia kitabuni kwamba alitaka kumpunja. Hata hivyo, misafara mingine iliendelea kumtegemea.

Kwa nini? Kwa sababu alikaa katikati. Alijua bara wanataka nguo gani. Alijua pwani wanahitaji nini. Mpagazi alibeba uzito wa mzigo. Mwenye habari alitajirika. Mwenye mabega alichoka.

JAMBO HILI LINATUHUSU

Sisi wa Babati tunalima mahindi na mbaazi. Mbaazi zetu nyingi huliwa India. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje. Bei ikaanguka. Mkulima asiye na habari alibaki na magunia yake.

Basi, wewe na wenzako fanyeni hivi:

1. Ulizeni bei Babati mjini na Arusha kabla mnunuzi hajafika shambani.
2. Uzeni kwa mizani. Kataeni lumbesa. Kilo zinazozidi ni jasho lako linalochukuliwa bure.
3. Andikeni daftarini gharama za mbegu, palizi, magunia na usafiri. Bila hesabu hiyo, huwezi kujua kama bei ni faida au hasara.
4. Uzeni kwa pamoja kupitia chama chenu. Mwenye gunia moja huambiwa bei. Wenye magunia mengi huulizwa bei.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Alikuwa ametoa mali yake ili Dar es Salaam ipate hospitali ya kutibu maskini. Bagamoyo alitoa jengo la shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokelewe. Hospitali mpya ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 1956, ya zamani haikusahauliwa. Mpaka leo jina lake linatajwa na wagonjwa.

Wapagazi waliobeba mizigo ile nao walikuwa na majina. Hakuna jengo linaloyataja. Walibeba mali ya wengine.

Ndugu mkulima, usiwe mpagazi wa mbaazi zako mwenyewe. Jua bei kabla ya kuinua gunia.