Kabla ya Kuitwa Kichaa: Dalili za Awali za Ugonjwa wa Akili

Ugonjwa wa akili ni maradhi yanayovuruga fikra, hisia au mwenendo wa mtu hadi akashindwa kuishi na kufanya kazi kama alivyozoea. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mmoja kati ya kila wanane duniani, walikuwa na tatizo la aina hii. Wengi wao hawaokoti makopo wala hawatembei uchi barabarani. Wako kazini, sokoni na darasani, na dalili zao huonwa kwanza na wale wanaokula nao sahani moja.

Katika kuzitambua, mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe wa zamani. Aliye mkimya tangu utotoni haugui kwa kunyamaza, lakini mpiga soga wa kijiweni anayeanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake amebadilika. Fundi cherehani aliyesifika kwa kutimiza ahadi anaanza kurudisha nguo zisizopigwa pindo. Vitambaa vya watu vinarundikana chini ya cherehani, na wateja wanasema siku hizi amekuwa mvivu. Mtu wa miaka 40 hageuki mvivu kwa mwezi mmoja bila sababu.

Baada ya badiliko lenyewe, huangaliwa muda na madhara. Mfiwa hulia, hukosa usingizi na kula kwa shida, lakini huzuni yake hupanda na kutulia, na huweza hata kucheka akikumbushwa vituko vya marehemu. Sonona haitoi nafasi hiyo. Huzuni, au kutofurahia chochote, hudumu karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza mawazo na kukata tamaa.

Mara nyingi mwili ndio unaotangulia kusema. Mgonjwa hufika zahanati akilalamikia kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, mwili kuwaka moto au wadudu kutembea chini ya ngozi. Anapimwa malaria na taifodi, hakionekani kitu, anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Akiulizwa usingizi, husema anaamka saa tisa usiku na kubaki akiwaza mpaka alfajiri. Waswahili huita hali hiyo kuwaza sana. Washona wa Zimbabwe wana neno lao lenye maana hiyohiyo, kufungisisa, na wataalamu wa huko wamelitumia katika kuwabaini wagonjwa wa sonona na wasiwasi.

Upo pia ugonjwa unaokuja kwa sura ya furaha. Katika baipola, vipindi vya sonona hupokezana na vipindi vya msisimko. Mgonjwa hulala saa mbili au tatu na kuamka hana uchovu, huzungumza bila kituo, huanzisha biashara nne kwa wiki moja na kugawa mtaji kwa watu asiowajua. Akiguswa, hukasirika. Familia iliyomwona amelala kitandani miezi iliyopita hushukuru kuwa amepata nguvu, kumbe ugonjwa umegeuka upande wa pili.

Skizofrenia huanza hasa mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, na aghalabu huingia polepole. Mwanafunzi anashuka darasani, anaacha kuoga, anajifungia chumbani. Siku moja anaifunika redio kwa kanga kwa sababu mtangazaji anamsema yeye. Baadaye anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii, au anakataa chakula cha mama yake akiamini kimetiwa sumu. Katika jamii inayoamini majini na uchawi, imani hiyo peke yake haitoshi kuwa dalili. Ikifika mahali ambapo hata ndugu wenye imani ileile wanayaona maneno yake kuwa mageni, hapo kuna ugonjwa.

Kwa baadhi ya watu dalili huja kwa namna yake. Mtoto hasemi kuwa ana huzuni. Huwa mkali, hukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au huumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Mama aliyejifungua anaweza kupata sonona wiki au miezi baadaye. Akikesha bila usingizi na kusema maneno yasiyoeleweka ndani ya wiki mbili za kwanza, yeye na mtoto wako hatarini na ni lazima wafikishwe hospitali siku hiyohiyo. Mzee anayepotea njia ya msikitini aliyoizoea anahitaji kuchunguzwa, kwani usahaulifu wa namna hiyo si sehemu ya kawaida ya uzee.

Kuchanganyikiwa kunakoanza ndani ya saa au siku chache ni dharura. Watu husema malaria imepanda kichwani, na huenda ni kweli. Lakini sababu yaweza kuwa pia homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka au kifafa. Mlevi aliyeacha pombe ghafla, akaanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu, anaweza kufa asipotibiwa.

Dharura nyingine ni mtu kuzungumzia kifo chake, kuaga, kugawa vitu anavyovipenda au kujikusanyia dawa na sumu. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani; humpa nafasi ya kulitua. Vitu vya hatari huondolewa, naye haachwi peke yake mpaka afikishwe kwa mhudumu wa afya.

Safari ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, hadi hospitali kama Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala. Anayemsindikiza mgonjwa humsaidia mtabibu kwa kueleza dalili zilianza lini, analala saa ngapi, anatumia pombe, bangi au dawa gani, na kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo. Kubishana na sauti anazozisikia hakusaidii, na kumfunga minyororo humuumiza. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, kwa hiyo zisiachwe katikati. Aliyebadilika kwa wiki mbili asisubiriwe hadi aokote makopo. Apelekwe zahanati akiwa bado anaweza kutembea na kueleza mwenyewe.