Kofia ya Buluu Mjini Columbus

Mpwa wangu, ambaye anasoma katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, na ambaye katika mambo mengine yote ni kijana mwenye akili timamu, alisimamisha gari karibu na mpaka wa majimbo mawili akaongeza petroli katika tangi lililokuwa bado na zaidi ya nusu, na nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa utulivu wa mtu anayetaja sharti la sala, "Mjomba, Ohio hatununui mafuta."

Safari yetu ilikuwa ya kwenda kusini kumjulia hali jamaa yetu mmoja, na njia ni ile barabara kuu nambari 23, itokayo Ann Arbor, ikapita kandokando ya Toledo, hata ikafika Columbus baada ya mwendo wa kilomita 300 hivi za mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Lilikuwa juma la mwisho la Novemba, baridi imeanza kuuma masikio, na Jumamosi yake vyuo vya miji hiyo miwili vingekutana uwanjani. Kijana alivaa kofia ya buluu yenye herufi M ya rangi ya mahindi, nami kwa ujinga wangu niliisifu.

Ule mwiko wa petroli, kumbe, alikuwa ameurithi kwa adui. Husimuliwa kwamba Woody Hayes, aliyekuwa kocha wa Ohio State, chuo cha Columbus, tangu mwaka 1951 hadi 1978, alipokuwa akirudi usiku kutoka Michigan na mafuta yakikaribia kwisha, alimwambia msaidizi wake kuwa ni afadhali walisukume gari mpaka ng'ambo ya mpaka kuliko kuliachia jimbo lile senti moja ya fedha yake. Jina la jimbo lenyewe hakupenda kulitamka. Alisema tu "lile jimbo la kaskazini", na mpaka leo watu wa Columbus huwaita mahasimu wao "timu ya kaskazini", kama vile kwetu pwani mwenye duka asivyopenda kuulizwa chumvi au sindano kwa jina lake baada ya magharibi. Kisichotajwa ndicho kinachoogopwa, au ndicho kinachopendwa. Sina hakika mzee Hayes angekubali lipi kati ya hayo.

Chanzo cha ugomvi, wasemavyo wenyewe, ni ardhi. Mwaka 1835, Ohio ikiwa imekwisha kuwa jimbo na Michigan ingali ikiomba kuwa jimbo, pande mbili ziligombea ukanda mwembamba wenye bandari ya Toledo katika Ziwa Erie, zikakusanya wanamgambo, zikatishana na kufyatua risasi hewani. Na katika vita vyote hivyo damu iliyomwagika ni ya naibu mmoja wa sherifu, aliyechomwa kisu cha mfukoni na kijana aitwaye Two Stickney, yaani Mbili, ambaye kaka yake, kwa kuwa baba yao alipenda hesabu kuliko majina, aliitwa One. Naibu yule alipona. Serikali kuu ikasuluhisha kwa kuipa Ohio mji wa Toledo, na Michigan, ilipokubaliwa kuwa jimbo mwezi wa Januari 1837, ikapewa badala yake nchi ya misitu na theluji huko kaskazini, ikaipokea kwa kinyongo kama mtu aliyedai mbuzi akapewa kamba, hata ilipodhihiri kwamba chini ya theluji ile mna shaba na chuma tele. Miaka 60 baadaye, mwaka 1897, vyuo vikakutana kwa mara ya kwanza katika mpira, na Michigan ikashinda kwa pointi 34 kwa 0.

Nao mpira huo si huu wetu. Mguu huugusa kwa nadra. Una ncha mbili mfano wa tunda la kakao. Watu 11 wa kila upande, waliovaa chapeo na kinga za mabega, hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, na wakishindwa huwaachia wenzao. Ni mchezo wa kugombania ardhi hatua kwa hatua, na pengine ndiyo maana uliwaelea upesi wajukuu wa vita vya Toledo. Yaliyobaki mpwa wangu alinieleza kwa saa nzima, nami nikayasahau kabla hatujafika mji wa Marion. Lakini jambo moja halikunitoka: wanaocheza ni wanafunzi, na wanaokuja kuwatazama wanafunzi hao hujaza viwanja ambavyo mataifa hayana. Uwanja wa Ann Arbor, uliofunguliwa mwaka 1927, huchukua watu 107,601, na ule wa Columbus, wa mwaka 1922, huchukua zaidi ya 102,000, ilhali Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao sisi tukiuona umejaa husema dunia nzima imehudhuria, huchukua 60,000.

Tulipoingia Columbus nilitaka kuuona uwanja wenyewe, na kijana, baada ya kuivua kofia na kuiweka mapajani, alinipeleka kwa shingo upande. Umejengwa karibu na mto Olentangy kwa umbo la kiatu cha farasi, na lango lake kuu lina kuba refu ambalo mtu akisimama chini yake hujiona mdogo, kama anavyotakiwa ajione. Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa kidogo. Katika vibao vya chuo, vya majina ya majengo na vya kuelekeza njia, kila palipokuwa na herufi M palikuwa pamebandikwa alama ya mkasi ya utepe mwekundu, hata maneno yakabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Maana katika juma hilo herufi ya kwanza ya jina la adui haina ruhusa ya kuonekana mjini.

Mbali kidogo ilisikika bendi ikifanya mazoezi. Bendi ya chuo hiki ni ya tarumbeta na ngoma tupu, na tangu mwaka 1936 ina ada ya kuandika neno "Ohio" uwanjani kwa miili ya wapigaji wanaotembea kwa mstari mmoja, na mwisho mpigaji wa tarumbeta kubwa kuliko zote hutoka kwa mbwembwe akasimama mahali pa nukta ya herufi i, akainama kwa taadhima kulia na kushoto, na watu wakapagawa. Mimi niliyelelewa na bibi aliyesimulia ngoma ya beni hadi usiku wa manane nilijiona nipo nyumbani, kwa sababu wanabeni wa Marini na Arinoti, walipoigawa miji ya pwani mapande mawili kwa tarumbeta, magwaride na sare, walikuwa na ghera ile ile: kushindwa kwa mapigo ilikuwa aibu kubwa, na fedha za mwaka mzima ziliishia katika siku moja ya kuwakomoa wenzao.

Sisi tuna neno ambalo watu hawa, kwa wingi wa maneno yao, wamelikosa. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na mtani ana haki ya kukutukana msibani, lakini jeneza hulichukua pamoja nawe. Bo Schembechler, aliyekuja kuwa kocha wa Michigan mwaka 1969, alikuwa amecheza chini ya Hayes na kisha kuwa msaidizi wake. Mwaka huo huo wa kwanza akamfunga mwalimu wake 24 kwa 12, na kwa miaka 10 wakakabana hivyo, Bo akishinda mara tano, Hayes mara nne, na moja wakatoka sare. Mchezaji wa Ohio State anayeifunga Michigan hupewa, tangu mwaka 1934, kisuruali kidogo cha dhahabu, kwa sababu kocha wa wakati huo alisema kuwa watu wa Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja mmoja kama watu wengine. Na huo ndio utani mtupu. Si kwamba mipaka haivukwi. Mwaka 2024 Michigan walishinda 13 kwa 10 papo hapo Columbus, wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, na mambo yakaishia kwa ngumi na dawa ya kuwasha macho iliyopulizwa na polisi.

Njaa ilipotushika tulikwenda upande wa kaskazini wa mji, maana Columbus ni kimbilio la Wasomali wengi, na miongoni mwao wamo waliokaa miaka mingi Kenya wakaja na Kiswahili chao. Mkahawa tulioingia ulinukia hiliki. Mwenyewe, mzee wa ndevu zilizopakwa hina, aliyeuza duka Kisauni kabla ya kuhamia huku, alitukaribisha kwa bashasha hata macho yake yalipoangukia kofia, ambayo kijana alikuwa ameirudisha kichwani kwa sababu ya baridi.

"Wewe karibu, mwanangu," alisema, "lakini hiyo ingelala garini."

Tulikula wali wa mbuzi na ndizi mbivu pembeni, kama desturi yao, tukanywa chai ya maziwa, na mzee akaketi nasi akiuliza habari za Mombasa kama kwamba mimi nimetoka huko asubuhi. Binti yake, mwanafunzi wa Ohio State, alipita mara mbili bila kumtazama mpwa wangu, na mara ya tatu akamwekea sambusa ambayo hatukuiagiza. Ndipo nilipoliona kabati la vioo. Juu yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono MANDAZI, na ile M ya mwanzo imekatwa kwa utepe mwekundu.

Wakati wa kuondoka kijana, kwa adabu zote, aliomba mandazi sita ya njiani.

Mzee aliitazama karatasi, akamtazama yeye. "Juma hili hapa hakuna mandazi," akasema. "Kuna andazi. Nauza moja moja."

Akamfungia moja katika karatasi, akahesabu fedha yake, kisha akafungua tena kabati akamfungia la pili, na hivyo hivyo mpaka yakatimia sita.