Mifupa ya wanaanga ilivyokwamisha mtambo wa kusafisha maji angani

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 400, hakuna mto wala kisima. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kuipandisha kwa roketi ni gharama kubwa. Ndiyo maana mvuke wa pumzi, jasho na mkojo wa wanaanga hukusanywa, husafishwa na kunywewa tena.

Miongoni mwa waliolishughulikia suala hilo kwa miaka mingi ni mhandisi Layne Carter wa kituo cha Marshall cha shirika la NASA, mjini Huntsville, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishiriki katika majaribio yaliyotumia jasho na mkojo wa watu waliojitolea. Baadaye akawa msimamizi wa mfumo wa maji wa kituo hicho cha angani.

Mtambo ulipelekwa angani Novemba 2008, na Mei 2009 wanaanga wakaruhusiwa kunywa maji yake. Mkojo hutiwa tindikali, kisha huchemshwa ndani ya pipa linalozunguka, kwa kuwa mahali pasipohisiwa uzito mvuke haujitengi wenyewe na majimaji. Mvuke huo hupozwa ukawa maji, huchanganywa na unyevu uliokusanywa hewani, hupitishwa katika vichujio na kutiwa iodini.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2009 mtambo wa kuchemshia mkojo ulikwama. Chanzo kilikuwa mifupa. Mtu akikaa angani, mifupa yake hupoteza kalsiamu, nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Ilipokutana na tindikali ya salfa iliganda, mithili ya utando mgumu unaojijenga ndani ya birika. Majaribio ya Huntsville hayakuifichua hitilafu hiyo, kwani waliojitolea waliishi duniani na mifupa yao haikupungua.

Wahandisi walilazimika kupunguza kiasi cha maji kilichokamuliwa kwenye mkojo, hadi tindikali ya salfa ilipobadilishwa kwa ya fosforasi.

Mwaka 2023, baada ya kuongezwa kifaa kinachokausha masalia ya mkojo, NASA ilitangaza kuwa kituo kimefikia kurejesha asilimia 98 ya maji. Wasafiri wa kwenda Mars hawataweza kupelekewa maji njiani. Uhai wao utategemea mtambo usiokwama.