Fahamu mota zisizo na brashi: Kutoka ulingo wa roboti hadi bajaji za umeme

PIKIPIKI na bajaji zinazotumia umeme zimeanza kuzoeleka katika barabara za Jiji la Dar es Salaam, zikiwemo za Wilaya za Kinondoni na Temeke. Nyingi huendeshwa na mota isiyo na brashi, aina ileile inayotumiwa na wabunifu wa roboti za mapambano duniani. Kuielewa teknolojia hiyo kuna manufaa kwa wananchi, kwa kuwa bajaji inapokwama riziki ya dereva husimama, na fundi asiyejua pa kuanzia anaweza kubadilisha kifaa cha gharama kubwa bila sababu.

Namna mota inavyofanya kazi

Katika mota ya kawaida yenye brashi, umeme hufika kwenye koili zinazozunguka kupitia vipande vya kaboni. Vipande hivyo husuguana, hulika na hutoa cheche. Katika mota isiyo na brashi, mpangilio umegeuzwa: koili zimetulia na sumaku ndizo zinazozunguka. Kwa sababu hiyo, upotevu wa nishati hupungua na mota hutoa nguvu kubwa ikilinganishwa na uzito wake.

Hata hivyo, mota hiyo haizunguki kwa kuunganishwa moja kwa moja na betri. Huhitaji kontrola, yaani kifaa cha kielektroniki chenye transista zisizopungua sita, ambacho hupeleka umeme kwa zamu katika nyaya tatu za mota. Zamu hizo zikikosewa, mota hutetemeka badala ya kuzunguka.

Funzo kutoka kwenye ulingo

Mashindano ya roboti za mapambano yalipata umaarufu baada ya Mmarekani Marc Thorpe kuandaa mashindano ya Robot Wars mjini San Francisco mwaka 1994. Roboti huongozwa kwa rimoti ndani ya ulingo uliofungwa, na madaraja yake ni pamoja na roboti za gramu 150 na zile za takribani kilo 113.

Kwa wabunifu wa roboti hizo, kuzungusha silaha ni kazi nyepesi kuliko kuendesha magurudumu. Silaha huanza taratibu na kwa kawaida huzunguka upande mmoja. Magurudumu hutakiwa kuanza yakiwa yamebeba mzigo, kusimama ghafla na kurudi nyuma mara nyingi kwa dakika chache. Kontrola isiyo na vihisi hutambua mahali zilipo sumaku kwa kupima volti zinazozalishwa na mota yenyewe inapozunguka. Mota ikiwa imesimama, volti hizo hazipo, hivyo kontrola hulazimika kubahatisha.

Njia mojawapo ya kutatua tatizo hilo ni kutumia gia. Mota inayozunguka mara 1,000 kwa dakika kwa kila volti, ikipewa betri ya volti 14.8, hufikia mizunguko 14,800 ikiwa haina mzigo. Ikifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5, hesabu hiyo ingemaanisha mwendo wa takribani kilomita 139 kwa saa, usiofaa ulingoni. Gia ya kumi kwa moja huushusha hadi takribani kilomita 14 kwa saa, huku nguvu ya kuzungusha ikikaribia kuongezeka mara kumi.

Njia ya pili ni kuweka vihisi vinavyotambua sumaku hata mota ikiwa imesimama. Hiyo ndiyo hutumika zaidi katika bajaji na pikipiki za umeme, kwa kuwa nazo huondoka zikiwa zimebeba abiria na mizigo.

Dalili za kuzingatia

Nyaya nyembamba za vihisi zikikatika, au maji yakiingia kwenye viungio vyake, chombo huweza kutetemeka au kushindwa kuondoka ingawa mota na betri ni nzima. Ukaguzi huanzia hapo kabla ya kununua mota mpya.

Dalili nyingine ni chombo kuwa kizito kusukumwa hata kikiwa kimezimwa. Baada ya kukagua breki na kutoa betri, fundi hutenganisha nyaya tatu nene za mota na kontrola, akihakikisha ncha zake hazigusani. Gurudumu likizunguka kwa wepesi, huenda transista za kontrola zimeungua. Likibaki zito, tatizo limo katika mota au beringi zake.

Usalama kwanza

Vijana wanaopenda kuunda roboti hizo wanapaswa kutambua hatari yake. Sahani ya chuma ya nusu kilo yenye kipenyo cha sentimita 12, ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, hubeba nishati inayolingana na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka kimo cha mita moja. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Kwa hiyo majaribio hufanyika ndani ya kizimba imara, na silaha hufungwa kwa pini wakati wote roboti inapokuwa nje yake. Betri za lithiamu nazo huchajiwa kwa chaja inayolingana nazo, na iliyovimba haitumiki tena.

Kwa wanaotaka kujifunza, Chuo cha VETA Chang'ombe kilichopo Temeke hutoa mafunzo ya ufundi, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), yenye ofisi Kijitonyama, Kinondoni, ina jukumu la kuendeleza ubunifu nchini. Roboti ndogo ya mezani haina abiria wala mkopo wa kulipa, hivyo kontrola ikiungua hasara ni ndogo. Ujuzi unaopatikana hapo ndio utakaohitajika gereji wakati dereva wa bajaji ya umeme atakapoisukuma hadi mlangoni.